Maaskofu wa Durham: jinsi klabu ya ridhaa ilivyojaza Wembley, na kwa nini haikuweza kubaki pale

Tarehe 6 Februari 1958, ndege iliyobeba kikosi cha Manchester United ilianguka mjini Munich ilipokuwa ikijaribu kuruka kwa mara ya tatu. Watu 23 walipoteza maisha, wakiwamo wachezaji wanane wa klabu hiyo. Wapenzi wengi wa soka, hata wale waliozaliwa miaka mingi baadaye, wanaifahamu habari hiyo. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba Jimmy Murphy, msaidizi wa kocha Matt Busby aliyeachiwa mzigo wa kuunganisha vipande vya timu, alipata msaada kutoka klabu ya mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza ambayo wachezaji wake, kwa mujibu wa kanuni, hawakulipwa hata senti moja. Klabu hiyo ni Bishop Auckland, na wachezaji iliowatoa ni watatu: Derek Lewin, Warren Bradley na Bob Hardisty. Hardisty alikuwa na miaka 37 na alikwisha kutundika daluga. Walitakiwa kuziba pengo katika timu ya akiba, kwa sababu vijana wa akiba walikuwa wamepandishwa kwenda kujaza nafasi za marehemu na majeruhi.

Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa wema, na wema ulikuwapo. Lakini kinaacha swali ambalo wema peke yake haulijibu. Ilikuwaje bingwa wa Uingereza, katika saa yake ya dhiki kuu, akatafute wachezaji kwa watu wa ridhaa badala ya kuwatafuta katika klabu ya kulipwa ya daraja la tatu? Jibu ni kwamba wachezaji wale walikuwa hodari kweli, na walikuwa wa ridhaa kwa sababu za kikanuni na za kiuchumi zilizowafanya watu wenye kipaji cha ligi kuu wabaki kucheza katika mji wa makaa ya mawe. Historia yote ya Bishop Auckland, kupanda kwake na kushuka kwake, imo ndani ya sababu hizo.

Neno la kwanza katika jina la mji linamaanisha askofu. Maaskofu wa Durham, kaunti ulimo mji huu, walikuwa na kasri lao hapo kwa karne nyingi, na ni katika kasri hilo, zama za Askofu Lightfoot mwanzoni mwa miaka ya 1880, ambapo vijana waliotoka vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge kusomea ukasisi waliupeleka mpira wa miguu katika taasisi ya kanisa ya mjini. Mwaka 1886 ulizuka mfarakano, na baadhi ya wachezaji wakajitenga na kuunda timu yao wenyewe; timu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa klabu tunayoizungumzia. Jezi zake zimegawanyika nusu kwa nusu, buluu iliyokoza na buluu ya mbingu, na inaelezwa kwamba rangi hizo mbili ni kumbukumbu ya vyuo viwili walikotoka wale vijana. Mashabiki huiita timu yao Maaskofu. Kwa hiyo mbegu ilitoka kwa wasomi wa kanisa, ila udongo ulioikuza ulikuwa wa watu wengine kabisa: wachimba makaa, wafanyakazi wa reli, na baadaye walimu wa shule.

Hapa inabidi tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa mno, hata na Waingereza wenyewe. Kuna mpaka baina ya klabu zilizo ndani ya Ligi ya Soka, iliyoanzishwa mwaka 1888 na ambayo baadaye ilikuwa na madaraja manne yenye klabu 92, na klabu zilizo nje yake. Halafu kuna mpaka wa pili, baina ya soka la kulipwa na soka la ridhaa. Mipaka hii haikupita mahali pamoja. Klabu nyingi zilizokuwa nje ya Ligi ya Soka zililipa wachezaji wao waziwazi na kwa halali, na ndani ya Ligi ya Soka kwenyewe mchezaji mmoja mmoja aliweza kucheza kwa ridhaa bila kuvunja kanuni yoyote. Bishop Auckland ilikuwa nje kwa mipaka yote miwili: haikuwa ndani ya ligi kubwa, wala haikuwa klabu ya kulipa. Ilicheza katika Northern League, ligi iliyoanzishwa mwaka 1889, mwaka mmoja tu baada ya Ligi ya Soka, ikiwa mojawapo ya klabu waanzilishi. Ligi hiyo ingali hai, na kwa umri ni ya pili duniani. Maaskofu waliitwaa mara 19.

Mpaka wa ridhaa ulichorwa mwaka 1885, pale Chama cha Soka, FA, kiliporuhusu malipo kwa wachezaji baada ya ugomvi mrefu na klabu za viwandani za Lancashire. Kuanzia hapo kila mchezaji alisajiliwa kuwa wa kulipwa au wa ridhaa. Timu za waungwana waliosoma shule za gharama zilijikuta haziwezi tena kushindana katika Kombe la FA, ndipo msimu wa 1893/94 likaanzishwa kombe la ridhaa pekee, FA Amateur Cup. Bingwa wa kwanza alikuwa Old Carthusians, timu ya watu waliosoma shule ya Charterhouse. Waliolianzisha walidhani wamejitengenezea kijibustani chao cha utulivu. Haikuchukua muda. Mwaka 1896, ikiwa mara ya tatu tu kombe hilo kushindaniwa, Bishop Auckland ililichukua na kulipeleka katika nchi ya makaa. Ikalichukua tena mwaka 1900 kwa kuifunga Lowestoft Town mabao 5-1. Tangu hapo kombe la waungwana lilikuwa pia kombe la vijiji vya migodi, na naona hilo ni mojawapo ya mambo ya haki yaliyopata kutokea katika mchezo huu.

Eneo lenyewe lilikuwa na msongamano wa soka ambao ni vigumu kuuelezea. Crook Town ilikuwa umbali usiofika kilometa 10. Willington ilikuwa karibu vilevile. Kijiji jirani cha West Auckland kilipeleka timu yake Turin mwaka 1909 na 1911 kushindania kombe lililotolewa na mfanyabiashara wa chai Thomas Lipton, kikalitwaa mara zote mbili, na mara ya pili kiliifunga Juventus 6-1 katika fainali. Vijiji hivi vilikuwa na mgodi, kanisa, klabu ya wafanyakazi na timu, na ushindani baina yao ulikuwa wa ndugu walioishi nyua mbili zinazopakana. Fainali ya Amateur Cup ya mwaka 1939, iliyochezwa Sunderland, ilikuwa baina ya Bishop Auckland na Willington. Maaskofu walishinda 3-0 baada ya muda wa nyongeza. Ndani ya kikosi kile alikuwamo kijana wa miaka 20 aliyeitwa Bob Paisley. Mwaka uleule alijiunga na Liverpool, na alipokuja kuwa kocha wake aliipatia Kombe la Ulaya mara tatu, mwaka 1977, 1978 na 1981.

Je, wachezaji hawa hawakulipwa kweli? Ukweli ni kwamba wengi walipata kitu. Kanuni iliruhusu kurudishiwa gharama za safari, na gharama hizo zilikuwa na tabia ya kunenepa. Mchezaji aliyeishi mtaa wa pili aliweza kuandikiwa nauli ya treni ya kutoka mji mwingine. Njia nyingine iliyozoeleka ilikuwa ya kiatuni: mchezaji anatoka kuoga baada ya mechi, anaketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, anaingiza mguu ndani ya kiatu chake cha kutembelea, na vidole vinakutana na noti zilizokunjwa ambazo hakuna aliyeziweka wala aliyeziona. Hakuna saini, hakuna daftari. Mwaka 1928 jambo hili lililipuka katika County Durham, pale Crook Town ilipoadhibiwa kwa malipo ya siri nayo ikasema kwamba majirani zake wanafanya yaleyale. Uchunguzi uliofuata uliishia kwa mamia ya wachezaji wa eneo hilo kufungiwa. Mtu anaweza kuuita unafiki, na watu wa kusini waliuita hivyo. Lakini tuangalie ni nani hasa aliyeumizwa na kanuni ile. Mtoto wa tajiri aliyecheza Jumamosi hakupoteza chochote. Mchimba makaa aliyeacha zamu ili akacheze mechi ya ugenini alipoteza ujira wa siku, na kanuni iliyomkataza kufidiwa iliandikwa na watu ambao ujira wa siku haukuwahi kuwa tatizo nyumbani kwao.

Sababu ya pili haikuwa ndani ya soka la ridhaa, ilikuwa ng'ambo ya pili, katika soka la kulipwa. Hadi mwaka 1961 Uingereza ilikuwa na kikomo cha mshahara wa mchezaji. Mwaka 1953 kikomo hicho kilikuwa pauni 15 kwa wiki wakati wa msimu, na kilipofikia mwisho wake kilikuwa pauni 20. Hakuna mchezaji, awe nyota wa taifa au vipi, aliyeweza kuzidishiwa kihalali. Sasa chukua hesabu ya mwalimu kijana mwenye kipaji. Akiwa mchezaji wa kulipwa, anapata pauni hizo chache, pungufu wakati wa kiangazi, katika kazi itakayokwisha akifika miaka 33 au goti likivunjika, lolote litakalotangulia. Akibaki wa ridhaa, anapokea mshahara wa ualimu, anajenga pensheni, anacheza mbele ya umati mkubwa, na kuna gharama za safari. Mtu mwenye akili timamu aliweza kabisa kuchagua Bishop Auckland badala ya klabu ya daraja la pili.

Na walichagua. Durham ilikuwa na chuo kikuu na vyuo vya ualimu, na klabu ilivuna humo. Bradley alikuwa mwalimu, na Hardisty alipata mafunzo ya ualimu. Lewin alikuwa mtu wa biashara. Seamus O'Connell, ambaye familia yake ilikuwa ya wafanyabiashara wa ng'ombe, alicheza Bishop Auckland na pia Chelsea katika miaka ileile, bado akiwa wa ridhaa. Mechi yake ya kwanza Chelsea, Oktoba 1954, alifunga mabao matatu dhidi ya Manchester United katika mechi iliyokwisha 6-5 kwa United, na msimu huo Chelsea ilitwaa ubingwa wa Uingereza. Kuhusu Bradley, ile safari ya kwenda kusaidia timu ya akiba haikuishia akiba: alipanda hadi kikosi cha kwanza, na mwaka 1959 aliichezea timu ya taifa ya England mechi tatu na kufunga mabao mawili, katika msimu uleule ambao alikuwa ameichezea timu ya taifa ya ridhaa. Hardisty naye aliichezea timu ya Uingereza katika Olimpiki ya London mwaka 1948, na mwalimu wa timu ile alikuwa Matt Busby. Ndiyo maana miaka kumi baadaye simu ilielekezwa Durham: United haikuwa ikibahatisha, ilikuwa ikimwita mtu inayemjua.

Pamoja na kanuni ya ridhaa na kikomo cha mshahara kulikuwa na jambo la tatu, nalo ni watu. Waswahili husema figa moja haliinjiki chungu, na chungu hiki kilisimama kwa sababu eneo la migodi lilikuwa na maelfu ya wanaume wenye kazi, wenye Jumamosi mchana isiyo na televisheni, na wasio na gari la kuwapeleka Newcastle. Waliingia Kingsway. Uwanja huo ulikuwa karibu na katikati ya mji, na klabu ya soka iliutumia pamoja na klabu ya kriketi. Pande tatu zilikuwa na watazamaji kama uwanja wowote. Upande wa nne haukuwa na jukwaa wala ukuta: nyasi za soka zilipita chini ya mstari wa chokaa na kuendelea moja kwa moja hadi kwenye nyasi za kriketi. Mpira uliopigwa nje upande huo ulibingirika mbali sana, na mtu aliyeufuata alionekana akipungua kimo kadiri alivyokwenda. Tuukumbuke upande huu ulio wazi.

Kuanzia mwaka 1949 fainali ya Amateur Cup ilihamishiwa Wembley, na hapo ndipo kila kitu kilipokutana. Bishop Auckland ilicheza fainali sita za Wembley katika miaka minane. Zile za kwanza zilikuwa za maumivu: mwaka 1950 ilifungwa 4-0 na jirani yake Willington, na mwaka 1951 ilifungwa 2-1 na Pegasus, timu ya wanafunzi wa Oxford na Cambridge, mbele ya watu laki moja. Mwaka 1954 ilikutana na Crook Town. Miji miwili ambayo mtu aliweza kutembea kwa miguu kutoka mmoja hadi mwingine ilisafiri zaidi ya kilometa 350 kwenda London, ikacheza mbele ya watu laki moja, ikatoka sare ya 2-2. Mechi ya marudio ilichezwa Newcastle: 2-2 tena. Ya tatu ilichezwa Middlesbrough, na Crook ikashinda 1-0. Ukijumlisha mechi zote tatu, watazamaji walikaribia laki mbili, kwa timu mbili ambazo kikanuni hazikuwa na mchezaji hata mmoja wa kulipwa.

Halafu ikaja zamu yao. Mwaka 1955 waliifunga Hendon 2-0. Mwaka 1956 walitoka sare na Corinthian-Casuals, kisha wakashinda 4-1 katika mechi ya marudio. Mwaka 1957 waliifunga Wycombe Wanderers 3-1. Hakuna klabu nyingine iliyowahi kulitwaa kombe hilo mara tatu mfululizo. Anayedhani kwamba waliwazidi wanyonge wenzao tu aangalie Kombe la FA la msimu wa 1954/55: waliifunga Crystal Palace 4-2 huko London, wakatoka sare ya 2-2 na Ipswich Town, wakaifunga 3-0 katika mechi ya marudio, na wakafika raundi ya nne, ambako York City iliwatoa kwa 3-1 Kingsway. York ile iliendelea hadi nusu fainali.

Kisha mafiga yakaanza kuondolewa. Mwaka 1961, baada ya wachezaji wa kulipwa kutishia kugoma wakiongozwa na Jimmy Hill, kikomo cha mshahara kilifutwa. Siwezi kulilaumu hata kidogo jambo hilo. Lilikuwa haki yao. Lakini ile hesabu ya mwalimu kijana iligeuka siku hiyohiyo, maana klabu ya kulipwa sasa iliweza kumpa mara mbili au tatu ya alichopata darasani, na kiatu kile hakikuwa na nafasi ya noti za kushindana nayo. Katika muongo huohuo migodi ya Durham ilifungwa mmoja baada ya mwingine, familia zikahama, televisheni ikaanza kuonyesha mechi za ligi kubwa, na aliyenunua gari akaona Sunderland na Newcastle si mbali tena. Bishop Auckland haikuonekana tena katika fainali ya kombe lake.

Figa la mwisho liliondolewa mwaka 1974. FA, ikiwa imechoka kulinda tofauti ambayo kila mtu alijua haipo, iliufuta usajili wa ridhaa na wa kulipwa, na kuanzia hapo wote wakawa wachezaji tu. Fainali ya mwisho ya Amateur Cup ilichezwa Aprili mwaka huo, na Bishop's Stortford, mji mwingine wa askofu, uliibuka mshindi. Kwa kuwa hapakuwa tena na wachezaji wa ridhaa, Uingereza iliacha pia kuwania nafasi ya soka katika mashindano ya Olimpiki, na haikurudi hadi mwaka 2012. Kwa Maaskofu, kombe walilolitwaa mara 10 na kufika fainali yake mara 18 lilitoweka. Klabu zilizowafuatia, Clapton na Crook Town, zilibaki na makombe 5 kila moja.

Wengi hudhani klabu ilianguka kwa sababu ya uvivu au uongozi mbovu. Kilichotokea ni kwamba ngazi ilijengwa upya na wao hawakuwa wamesimama juu yake. Mwaka 1979 klabu bora za nje ya Ligi ya Soka ziliunda ligi moja ya taifa, na chini yake ukapangwa mfumo wa kupanda na kushuka. Kuanzia msimu wa 1986/87 bingwa wa ligi hiyo aliweza kupanda moja kwa moja hadi Ligi ya Soka, jambo ambalo zamani lilitegemea kura za klabu zilizomo. Northern League, ikijivunia umri wake na uhuru wake, ilikataa kujiunga na mfumo huo, na ilipokubali mwaka 1991 ilikuta nafasi za juu zimeshachukuliwa. Leo daraja lake la kwanza liko ngazi ya tisa. Bishop Auckland ilikwisha kuihama mwaka 1988 kwenda Northern Premier League, ligi iliyokuwamo ndani ya mfumo huo, ikakaa huko hadi iliposhushwa na kurudi mwaka 2006.

Na ule upande ulio wazi wa Kingsway ukageuka kuwa kikwazo. Ligi za mfumo mpya hukagua viwanja: uzio kuzunguka uwanja, majukwaa, idadi ya milango, taa. Uwanja uliounganishwa na kriketi haukuweza kuzungushiwa upande wa nne bila kuiharibu kriketi yenyewe, iliyokuwa na haki ileile juu ya nyasi zile. Mwaka 2001 klabu iliondoka mahali ilipochezea kwa zaidi ya karne moja. Kwa miaka tisa iliishi kwa majirani, ikicheza mechi zake za nyumbani katika viwanja vya watu, Shildon, Spennymoor na West Auckland, yaani kwa walewale ambao baba zao waliwahi kuifuata Wembley ili kuizomea.

Mwaka 2010 ulifunguliwa uwanja mpya wa Heritage Park, pembezoni mwa mji. Kwa mara ya kwanza katika historia yake, Bishop Auckland ina uwanja wake peke yake, uliozungushiwa pande zote nne, na timu bado huingia humo ikiwa imevaa zile buluu mbili, nusu kwa nusu.